Pasi, Uongozi na Lugha: Uhakiki wa Mitaala Miwili ya Elimu ya Wanawake mjini Bujumbura

Ikisiri

Mjadala wa uongozi katika shule na vyuo binafsi vya wasichana huuliza mkuu wa shule ameongeza somo gani kwenye mtaala. Ni nadra kuuliza somo hilo limefundishwa kwa lugha gani, na lugha hiyo ilimfungulia nani mlango. Makala haya yanahakiki mitaala miwili iliyobuniwa na viongozi wanawake waliotoka nje ya Burundi: ule wa Foyer Social ya Usumbura (1946–1960) na ule wa Taasisi ya Akilah, iliyofungua kampasi mjini Bujumbura mwaka 2014. Hoja kuu ni kwamba mitaala hiyo, ijapokuwa malengo yake yanapingana, yote iliupita uongozi wa wanawake uliokuwa ukiendeshwa kwa Kiswahili katika mitaa ya uwandani.

Kilima na uwanda

Bujumbura ni mji wa ngazi mbili. Kiriri iko juu, upande wa mashariki, ikilitazama Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo yake. Huko yamo makazi ya wenye vyeo na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, iliyomo katika majengo ambayo Majesuti waliyajenga katika miaka ya 1950 kwa ajili ya Collège du Saint-Esprit, shule ya wavulana. Jirani na hapo, Vugizo, lipo kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Chini, uwandani, iko Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na karibu yake Bwiza, ambayo zama za Wabelgiji iliitwa Belge.

Umbali wa kilomita chache kati ya ngazi hizo mbili ni umbali wa lugha pia. Elimu ya kilimani imejipima kwa Kifaransa, na siku hizi kwa Kiingereza. Uwandani Kiswahili ni lugha ya soko, ya msikiti, ya gereji na ya ugomvi wa majirani. Wajerumani walikitumia katika utawala wao. Baada ya mwaka 1916 Wabelgiji walikiacha kiendelee mitaani, huku wamishonari Wakatoliki wakipendelea Kirundi kwa elimu ya vijijini na kukitilia Kiswahili shaka kwa sababu ya uhusiano wake na Uislamu. Shaka hiyo haikwisha na ukoloni. Hadi leo, katika Kirundi cha kawaida, kumwita mtu Mswahili kunaweza kumaanisha kwamba ni mjanja, mtu asiyeaminika kwa maneno yake. Mkuu wa shule binafsi anayetafuta wazazi wa kulipa ada hawezi kuipuuza maana hiyo, hata kama haijaandikwa katika sera yoyote.

Ndiyo maana suala la ubunifu wa mtaala haliwezi kuachwa katika orodha ya masomo pekee. Mtaala una tabaka mbili: kile kinachofundishwa, na sauti inayokifundisha. Wahakiki wa elimu ya wasichana katika ukanda huu wamelishughulikia tabaka la kwanza kwa bidii. La pili mara nyingi huwekwa chini ya kichwa cha "changamoto", pamoja na uhaba wa madawati.

Foyer Social: mtaala wa mafiga

Kazi ya msingi kuhusu Foyer Social ya Usumbura ni makala ya mwanahistoria Nancy Rose Hunt, iliyochapishwa katika jarida la Signs mwaka 1990. Hunt anaonyesha jinsi wafanyakazi wa ustawi wa jamii kutoka Ubelgiji, wanawake wenyewe, walivyojenga shule ya unyumba kwa ajili ya wake wa Kiafrika wa mjini: kushona, kutia viraka, kupiga pasi, kupika, usafi, malezi ya watoto. Walitembelea nyumba za wanafunzi wao, wakazikagua, na kuwatunza waliofanya vizuri. Walengwa hasa walikuwa wake wa wale walioitwa évolués, yaani makarani na mafundi ambao serikali ilitaka wawe na nyumba zinazofanana na cheo chao kipya.

Neno foyer lenyewe lina uzito. Kwa Kifaransa ni mahali pa moto ndani ya nyumba, na kwa hiyo ni nyumba na familia yenyewe. Mswahili angeweza kusema mafiga. Lakini mafiga ya Buyenzi yalikuwa na mwenyewe muda mrefu kabla ya Foyer kuja. Mwanamke wa mtaa ule alikuwa akipika vitumbua na sambusa za kuuza, akipangisha vyumba, akisafirisha samaki. Mtaala wa Foyer uliichukua shughuli ambayo kwake ilikuwa ya nyumbani na ya kibiashara kwa pamoja, ukaubakiza upande wa nyumbani, ukautolea cheti. Huo nao ulikuwa ubunifu, na wasimamizi wake waliuamini. Kuwaita wakandamizaji na kuishia hapo ni uvivu wa uhakiki: wengi wao walikuwa wanawake wasioolewa wanaofanya kazi ya mshahara mbali na kwao, wakiwafundisha wengine kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani kwa mumewe. Hunt anauona mkinzano huo, na ndio unaoyapa makala yake nguvu.

Kuhusu lugha, mazingira yanajieleza. Mitaa ya Foyer ilikuwa mitaa ya Kiswahili, na hakuna ziara ya nyumbani ambayo ingefanikiwa pale pasipo Kiswahili, cha msimamizi mwenyewe au cha msaidizi wake Mwafrika. Kiswahili kikawa lugha ya kumfikia mwanamke, lugha ya "leta maji", "kunja hivi", "moto umezidi". Wakati huohuo, juu ya kilima, wavulana wa Collège du Saint-Esprit walikuwa wakifundishwa kwa Kifaransa elimu ya kuwaandaa kushika nchi. Kijiografia na kilugha, mgawanyo ulikuwa umekamilika: Kifaransa juu kwa watakaotawala, Kiswahili chini kwa watakaopiga pasi.

Kodi, na wanawake waliokataa kuitwa

Hata hivyo kuna makala ya pili ya Hunt, iliyotoka katika Journal of African History mwaka 1991, na ikisomwa pamoja na ile ya kwanza picha hubadilika. Inahusu kodi ambayo utawala wa Kibelgiji uliwatoza wanawake wa mjini wanaoishi bila mume. Katika daftari la kodi, mjane wa Kiislamu mwenye umri mkubwa na heshima zake aliwekwa kundi moja na mwanamke ambaye dola ilimwita femme libre, jina lililobeba tuhuma ya umalaya. Wanawake Waislamu wa Buyenzi waliiasi kodi hiyo katika miaka ya 1950. Kilichowachoma, kwa maelezo ya Hunt, hakikuwa fedha pekee. Lilikuwa jina.

Hapa mtafiti wa lugha anapaswa kusimama kidogo. Mjane, mtalaka, mwanamke aliyekaa eda, mke wa pili anayeishi nyumba yake: Kiswahili kina msamiati mpana wa hali za mwanamke asiye na mume pembeni, na kila neno lina haki na adabu zake. Lugha ya kodi ilikuwa na neno moja. Uasi wa Buyenzi unaweza kusomwa kama mgogoro wa tafsiri uliofika mitaani, na waliouongoza walikuwa wanawake ambao, kwa mizani ya Foyer, walikuwa bado wanahitaji kufundishwa.

Walipanga, walisemezana, waliwakabili maafisa. Hiyo ni kazi ya uongozi kwa kipimo chochote. Tena haikuwa peke yake: katika miaka hiyohiyo Rwagasore alikuwa akijenga ushirika wa wafanyabiashara mjini, na Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Siasa ya uhuru wa Burundi ilipita Buyenzi kabla haijapanda Vugizo kuzikwa. Kwa hiyo dhana kwamba Kiswahili nchini Burundi ni lugha ya biashara ndogondogo, isiyo na historia ya kuongoza, haina msingi katika kumbukumbu za mji wenyewe.

Akilah: jina na mtaala

Zaidi ya nusu karne baadaye, mtaala wa aina nyingine uliwasili. Taasisi ya Akilah, iliyoasisiwa na Mmarekani Elizabeth Dearborn Hughes na wenzake, ilianza kufundisha Kigali mwaka 2010 kama chuo binafsi cha wanawake, ikianza na usimamizi wa hoteli, na baadaye ikaongeza ujasiriamali na mifumo ya taarifa. Mwaka 2014 ilifungua kampasi ya pili mjini Bujumbura. Haikuwa shule ya sekondari, bali ilikuwa chuo cha stashahada; lakini kwa swali la makala haya ndiyo mfano wa karibu zaidi na ulio wazi zaidi mjini humo: taasisi huru ya wanawake, iliyouweka uongozi katikati ya mtaala na kulifanya somo la kila mwanafunzi badala ya kuliacha liwe shughuli ya viranja.

Sifa za mtaala huo ni za kweli na zinastahili kutajwa bila kusitasita. Uliunganisha darasa na kazi. Ulimtaka msichana azungumze mbele ya watu, atetee wazo, aandike mpango wa biashara. Katika nchi ambako darasa mara nyingi ni kunakili ubaoni, hayo ni mageuzi. Ukiulinganisha na Foyer, mwelekeo umegeuzwa kabisa: Foyer ilimtoa mwanamke sokoni ikamrudisha jikoni, Akilah ikamtoa jikoni ikampeleka ofisini.

Lakini liangaliwe jina. Akilah ni umbo la neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analitambua: ni la ukoo mmoja na akili, kutoka Kiarabu, na kama jina la mtu humtaja mwanamke mwenye busara. Jina limechaguliwa ili liwaambie wasichana kwamba chuo ni chao. Kisha mlango ulifunguliwa, na ndani mafunzo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Jambo hili si la Akilah pekee. Nairobi kuna chuo kikuu binafsi kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya wanawake wa sayansi na teknolojia, nacho kinaitwa Kiriri. Jina hilo halihusiani na kilima cha Bujumbura, bali ni neno la Kigikuyu la sehemu ya nyumba walikolala mabinti. Huko nako nyumba ya mabinti imeachiwa kibao cha getini, na elimu yenyewe inatolewa kwa Kiingereza. Lugha za nyumbani zimekuwa hodari wa kutoa majina na slogani, na kuachiwa huko.

Utetezi wa Kiingereza unajulikana. Rwanda iliamua mwaka 2008 kukifanya lugha ya kufundishia. Burundi, iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, ilikipa Kiingereza hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014. Waajiri wa hoteli na benki wanakitaka. Hakuna mtafiti makini atakayemnyima msichana wa Kirundi lugha hiyo. Swali ni la mgawo: je, uongozi lazima ufundishwe kwa lugha ambayo mwanafunzi bado anajifunza kuisema? Msichana anayetafuta kitenzi hawezi wakati huohuo kutafuta hoja. Atakachojizoeza ni ujasiri wa kutamka, ambao ni jambo jema, lakini si sawa na kuongoza mkutano wenye watu kumi na wawili wasiokubaliana, ambao hakuna hata mmoja anayezungumza Kiingereza.

Neno lenyewe linasaidia. Uongozi unatokana na ongoa na ongoza, mzizi uleule unaotupa mwongozo na uongofu. Kuongoza kwa Kiswahili kunadai mtu wa pili: huwezi kuongoza bila anayeongozwa na njia mnayopita. Katika vitabu vya uongozi vinavyosafiri dunia nzima, uongozi huelezwa kama mali ya mtu binafsi, kitu anachokikuza ndani yake kama kipaji. Tofauti hii isitiwe chumvi, kwani hakuna lugha inayofunga mawazo ya wasemaji wake. Hata hivyo mtaala unaomfundisha msichana kujiongoza kwanza, kwa lugha ambayo mama yake haielewi, umeshachagua kati ya maana hizo mbili.

Aprili na Mei 2015

Mtihani wa mitaala hiyo ulikuja ghafla. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza, kampasi za Chuo Kikuu cha Burundi zilifungwa na wanafunzi wakatakiwa kuondoka. Mamia yao walipiga kambi karibu na ubalozi wa Marekani, wakilala nje. Tarehe 13 Mei jaribio la mapinduzi lilitangazwa huku rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya. Akilah iliwahamishia wanafunzi wake wa Bujumbura Kigali.

Kuhamishwa huko kuliokoa masomo ya wasichana, na huenda zaidi ya masomo. Uongozi wa chuo ulifanya kile ambacho taasisi ya umma haikuweza kuwafanyia wanafunzi wake. Kwa mhakiki wa mtaala, hata hivyo, tukio hilo linafichua sifa ya ndani: mtaala ule ulihamishika. Uliweza kufungwa kama mzigo na kufunguliwa upya ng'ambo ya mpaka kwa sababu haukuwa umefungamana na chochote cha Bujumbura, si lugha ya soko lake, si vyama vya wanawake wake, si historia yake. Uwezo wake wa kuhama na upweke wake katika mji vilikuwa kitu kimoja. Ulipoondoka, uliondoka mzima.

Foyer, kinyume chake, haikuweza kuhamishwa. Mbinu zake zilibaki Bujumbura katika mikono ya wanawake waliojua kupiga pasi na kushona, na mafundi cherehani wa mji huo hawakulazimika kuwa évolués ili waitumie elimu hiyo kwa kazi ambayo waalimu wake hawakuikusudia. Ni kejeli ya historia: mtaala wenye lengo finyu, kwa kuwa ulipita katika lugha ya mtaa, uliacha kitu mtaani.

Mtaala ambao haujaandikwa

Kiswahili sasa ni somo katika shule za msingi za Burundi, tangu katikati ya miaka ya 2000. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekipa hadhi ya lugha rasmi, na UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai. Hadhi hizi zote ni za kilimani. Kufundisha Kiswahili kama somo ni jambo moja, na kufundisha kwa Kiswahili ni jingine, na hata Tanzania inajua ugumu wake: sera ya elimu ya mwaka 2014 iliahidi Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, na toleo la 2023 likakiacha Kiingereza katika sekondari. Washauri wa sera wanaosubiri serikali ianze watasubiri sana.

Shule binafsi ya wasichana ina nafasi ambayo shule ya serikali haina. Saa za masomo ya nyongeza ni zake. Inaweza kuchukua somo moja tu, hilo la uongozi na ujasiriamali, na kulifundisha nusu yake kwa Kiswahili, bila kugusa Kifaransa cha mitihani wala Kiingereza cha ajira. Yaliyomo yapo tayari. Kikundi cha upatu, ambacho Bujumbura huitwa likirimba, kina mwenyekiti, mtunza fedha, kanuni za zamu, adhabu ya kuchelewesha na utaratibu wa kusuluhisha. Msichana anaweza kuandika kumbukumbu za kikao chake, kukagua hesabu zake, kutunga mkataba, kumwandikia barua afisa wa forodha wa Kigoma au mnunuzi wa Uvira. Uasi wa kodi wa miaka ya 1950 unaweza kuwa somo la mwezi mzima: nani aliitisha mkutano, neno gani lilikataliwa, afisa alijibiwa nini.

Pingamizi la kwanza litahusu Kirundi, na ni pingamizi halali: karibu kila Mrundi anakizungumza, kwa nini uongozi usifundishwe kwa hicho? Jibu ni kwamba ufundishwe, hasa kwa shughuli za ndani ya nchi. Kiswahili kinadai nafasi pale biashara na siasa zinapovuka ziwa, na kwa msemaji wa Kirundi, lugha ya Kibantu iliyo jirani sana kwa sarufi, safari ya kukifikia ni fupi kuliko ya Kiingereza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wanaolipa ada. Mzazi wa Kiriri hakumpeleka binti yake shule ya gharama ili arudi nyumbani akisema kama Buyenzi. Mkuu wa shule atakayeujaribu mtaala huu atahitaji kumkabili mzazi huyo ana kwa ana, na hoja ya utambulisho wa Kiafrika haitamsaidia. Mzazi ameisikia mara nyingi kutoka kwa watu ambao watoto wao wenyewe wanasoma kwa Kiingereza. Hoja itakayosikilizwa ni ya hesabu: bidhaa nyingi za Burundi hupita Tanzania, na wanaozisafirisha, wanaozikagua na wanaozidai ushuru huzungumza Kiswahili. Baada ya hapo litabaki suala la mwalimu. Aliyefunzwa kufundisha ngeli na nyakati hajafunzwa kuendesha kikao cha likirimba darasani, na shule ya kwanza itakayothubutu itabidi imtafute mwalimu msaidizi wake Buyenzi, kwenye vikundi vyenyewe, na imlipe kama mwalimu.